Kofia Aliyovikwa Shemeji Isa

Majuzi mlikuja na baiskeli zenu na lile bomba la kukuzia sauti, mkasimama karibu na kisima, mkatangaza kwamba mnaeneza demokrasia. Mkasema watu hawatawekewa tena viongozi, watachagua wenyewe. Watu wakasikiliza, wakapiga makofi, wakarudi mashambani. Halafu mmoja wenu, yule mrefu wa Nzuguni, akanifuata nyumbani.

"Shikamoo babu. Samahani, nina swali. Mbona nikisema kuchagua, wazee wa huku wanaangaliana? Na mbona nimemsikia mmoja akiuliza, 'Safari hii anavikwa kofia nani?'"

Nilimwitikia marahaba, nikamwambia sina nafasi. Nilimdanganya. Nafasi ninayo tele, kazi yangu siku hizi ni kufukuza kuku kwenye mtama ulioanikwa. Ila simwamini mtu anayeuliza swali huku kalamu ameshaishika. Nimekaa siku tatu, nikaona heri niandike kwa mkono wangu mwenyewe, msije mkaandika mnayoyataka nyinyi halafu mkasema mzee kasema.

Neno lenyewe ni hilo hilo alilolisikia. Huku kwetu, mashariki ya Ihumwa, mtu akipewa uongozi na watu hatusemi amechaguliwa. Tunasema amevikwa kofia. Na si maneno ya heri. Mama akichoshwa na mtoto mtundu humwambia, "Endelea tu, utakuja kuvikwa kofia." Wengi wanaolisema leo hawajui lilikotoka. Mimi najua, kwa sababu niliyelileta kijijini ni mimi, na walioumizwa nalo ni watu wa nyumbani kwangu.

Wakati wa Wajerumani nilikuwa tarishi wa boma. Msinifikirie tarishi wa siku hizi, anayebeba faili kutoka chumba hiki mpaka chumba kile na kuchemsha chai. Sisi tulibeba maneno kwa miguu. Barua ilibanwa kwenye ncha ya ufito uliopasuliwa, ukauinua juu ili kila mtu aone una neno la boma, asikuguse. Lakini barua ilikuwa ya kujitambulisha tu, maana vijijini nani alijua kusoma? Neno lenyewe lilikaa kichwani mwa tarishi.

Aliyenifunza kazi ni Mzee Kasanda, Mnyamwezi, mpagazi wa zamani ambaye magoti yalimgomea, akapata kazi bomani. Alikuwa mtani wangu na hakunionea huruma. "Nyinyi Wagogo," alikuwa akisema, "mlitutoza hongo kwa maji, mkatutoza kwa kivuli, nashangaa hamkututoza kwa kupumua. Sasa tembea na wewe, uone utamu wake." Nami nilimjibu kwamba Mnyamwezi asipokuwa na mzigo kichwani shingo humlegea, ndiyo maana anaongea sana.

Alinifundisha mambo ambayo nyinyi wenye bomba la sauti mngeyahitaji. Usifike kwa watu unatweta, alisema, maana anayetweta ana habari mbaya, utakuta kaya tupu na moto unawaka. Kaa nje kwanza jasho likauke, kohoa, subiri mbwa watulizwe. Ukikaribishwa, zungumzia mvua. Ukipewa cha kunywa, ngoja mwenyeji aonje. Na maneno ya kubeba uyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, jambo moja kidole kimoja. Matano tu. La sita halina pa kukaa, litaanguka njiani.

Nilimpuuza mara moja. Bwana mmoja wa boma alikuwa anakwenda kuwinda, akanipa mambo sita ya kuwaambia watu wa kijiji cha njiani: wafagie njia, wachote maji, watafute kuku, waweke mayai, wajenge kibanda cha kivuli, na wafunge mbwa. Niliyasema kwa ufasaha mpaka nikajiona bingwa, kumbe mbwa nimewaacha porini. Bwana alipofika, mbwa wakaona mtu mwekundu juu ya punda, wakatoka wote. Punda alikimbia naye mpaka kwenye miiba. Nilichapwa viboko vitano, na Kasanda akaniambia ni kimoja kwa kila jambo nililolikumbuka.

Basi hiyo ndiyo kazi. Watu wa boma walishuku vijiji, vijiji vikashuku boma, na wote kwa pamoja walimshuku tarishi. Nikifika mahali, wanawake walikuwa wanaficha unga kabla hawajanisalimia. Wazee walinitazama miguu kwanza, waone kama nyayo zangu ziko peke yake au nyuma yangu kuna za viatu. Sikuwalaumu hata kidogo. Nami nikaanza kushuku kila neno ninalopewa, hasa likiwa tamu.

Na tamu kuliko yote lilitoka kwa bwana shauri mpya. Hivyo ndivyo tulivyomwita mkubwa wa Kijerumani aliyesikiliza kesi na kutoa amri. Huyu alikuwa kijana, ana miwani, pua imebabuka kwa jua, na Kiswahili chake cha kitabuni kilikuwa safi kuliko changu. Alituita matarishi, akasema jumbe wa upande wa kwetu, mkuu wa kijiji mbele ya boma, ametoroka. Majumbe wote waliowekwa na akida, yule msimamizi aliyeletwa kutoka pwani, walikuwa wanatoroka. Alikuwa amefikiri, akasema, na ameona dawa yake.

"Wachague wenyewe," alisema, na alikuwa na furaha kweli kweli.

Akanipa mambo matano. Akida hataweka jumbe mwingine. Watu watamchagua wao. Siku ya saba wanaume wote wakusanyike, kila mmoja asimame nyuma ya mtu anayemtaka, na bwana mwenyewe atakuja kuona. Atakayechaguliwa atapewa kofia nyekundu yenye kishada na karatasi yenye jina lake. Na la tano, ambalo nililishikia kidole cha mwisho njia nzima: mtu mliyemchagua wenyewe, kosa lake ni lenu na kosa lenu ni lake.

Nilimweleza Kasanda kabla sijaondoka. Alikuwa anasugua magoti kwa mafuta ya kondoo. Akaniuliza, "Na yeye mwenyewe alichaguliwa na nani?" Nikasema sijui. Akasema, "Mtu akikupa kisu chake ukate nyama mwenyewe, tazama kwanza ni nyama ya nani."

Nilifika kwetu nimekausha jasho. "Mbukwenyi," nikawasalimu, wakaitikia. Tukazungumza mvua, ambayo haikuwapo. Kisha nikakunjua vidole vyangu, kimoja kimoja, kwa Kigogo, mbele ya wazee wote. Msemaji wao alikuwa Mzee Ndahani, mtu mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, akauliza kama mtu anayeuliza bei.

"Watakaosimama wachache, watahamishwa?"

"Hakusema hivyo."

"Watafanywa nini?"

"Hakusema."

"Sisi tukiwa na jambo," akasema Ndahani, "tunakaa tunasema mpaka kila mtu aishiwe la kusema. Hata ikiwa siku tatu. Huyu anataka tusimame tuhesabiwe kama mbuzi. Mbuzi huhesabiwa na nani?"

Jibu alilijua kila mtu. Mbuzi huhesabiwa na mwenye kuchinja.

Sasa niwaeleze jambo ambalo wakati ule nisingethubutu kulitaja. Kijiji chetu kilikuwa na kiongozi. Alikuwa Mzee Madeje, mtemi wa mvua, mwenye mawe ya mvua aliyorithi kwa wajomba zake. Hakuna aliyetia mbegu ardhini kabla Madeje hajasema. Lakini Wajerumani walipoingia mara ya kwanza, wazee walimwandikisha kwa akida kuwa mchunga mbuzi, na kuanzia siku hiyo mtemi wetu akawa anachunga mbuzi kweli, kila siku, mzee wa watu, ili mtu yeyote wa boma akipita amwone na fimbo yake. Watu walishasikia habari za watemi wa kwingine waliotiwa kamba. Kumsimamisha Madeje mbele ya bwana shauri kulikuwa ni kumpeleka machinjoni kwa miguu yake.

Kwa hiyo walitaka mtu wa kusimama mbele yake. Mtu ambaye akitiwa kamba, mvua haitafungwa pamoja naye.

Ndahani alinijia asubuhi iliyofuata, nikiwa mlangoni pa zizi. Alisema, "Tumempata. Shemeji yako."

Shemeji yangu alikuwa Isa, Mrangi kutoka Kondoa. Alikuja kwetu akiuza tumbaku, akampenda mdogo wangu Sechelela, akatoa mahari ikamkausha, akabaki. Alikuwa mtu wa kucheka, fundi wa kutia mipini ya majembe, anaswali swala zake tano pale pale alipo, hata katikati ya shamba la mtu. Kigogo chake kilikuwa cha kuchekesha na alijua, akakitumia kuchekeshea watoto. Ng'ombe hakuwa naye hata mmoja.

"Isa si mtu wa hapa," nikasema.

"Ndiyo maana. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Nikamwambia kwamba mdogo wangu ana mimba. Nikamwambia si haki. Ndahani alinisikiliza mpaka mwisho, maana adabu alikuwa nayo. Kisha akasema, "Basi wewe. Njia ya boma unaijua, maneno yao unayajua. Ukiona shemeji yako hafai, tutasimama nyuma yako."

Vijana, hapa ndipo ningetaka kuwaandikia kwamba nilikataa Isa kusimamishwa. Nilisema tarishi habebi neno lake mwenyewe, anabeba la aliyemtuma tu, na kwamba hayo mengine ni mambo yao. Ndiyo sheria aliyonifundisha Kasanda. Ni sheria nzuri, na siku ile niliitumia kama mlango wa nyuma. Niliogopa. Nilimwona Sechelela akipita na mtungi, akaniita, "Kaka, leo utakula kwetu?" nami nikaenda nikala kwao, mlenda na ugali wa uwele, na sikusema neno.

Siku ya saba bwana shauri alikuja na kiti chake na mwavuli mweupe. Akasimama Isa upande huu, ambaye alikuwa ameambiwa tu kwamba wazee wamempendekeza, na upande ule akasimama Ndahani ili isemekane walikuwa wawili. Nikatangaza kwa sauti yangu nzuri, maana sauti nilikuwa nayo, kila mtu aende nyuma ya amtakaye. Wanaume wote wakaenda nyuma ya Isa. Mzee Madeje naye akaenda, na fimbo yake ya mbuzi. Mwisho Ndahani akabaki peke yake, akatazama kushoto na kulia, akaacha nafasi yake akaenda kujipanga kwenye mstari wa Isa. Bwana shauri alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Aliandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Akasema hajawahi kuona watu wanaopatana kama hawa.

Kofia ilimkaa Isa vizuri, kichwa chake kilikuwa kidogo na cha mviringo. Alijaribu kusema, akashindwa, machozi yakamtoka mbele za watu. Sechelela alipiga vigelegele, na wanawake wengine wakamwitikia, wengine wakiwa wameinamisha nyuso. Mimi nilikuwa nafunga ufito wangu. Mdogo wangu alinitazama akicheka kwa furaha, nami nikamchekea.

Sasa sikieni alichokifanya mtu huyu. Wengine wakivishwa kilemba cha ukoka hujisahau, wakaanza kutaka kuku wa watu. Isa alianza kazi. Kila wiki aliweka baraza, na kila mtu alisema, mpaka wajane, jambo ambalo halikuwa desturi yetu. Ng'ombe wa Ndahani walikula shamba la mjane mmoja. Zamani mjane yule angekwenda kulia nyumbani kwake. Isa alimwita Ndahani, akamsikiliza, akamsikiliza mjane, akaenda mwenyewe kutazama kwato shambani, akarudi akasema Ndahani alipe mtama. Na Ndahani alilipa. Alilipa akiwa amenuna, lakini alilipa, maana angekataaje uamuzi wa mtu ambaye yeye mwenyewe alijipanga nyuma yake?

Nilipokuwa napita pale na barua zangu nilikuta watu wamekaa wanamngoja. Nikaanza kujidanganya kwamba mambo yamekuwa mazuri yenyewe. Ila niliona pia kwamba siku ya Madeje kutoa ruhusa ya kupanda, wazee walimtuma Isa kijiji cha mbali kutazama kisima kilichobomoka ambacho hakikubomoka. Aliporudi akakuta watu wameshapanda. Alichukua jembe lake akapanda shamba la kwake.

Kisha likaja neno la reli. Tuta lilikuwa linasogea kuja Dodoma, na bwana shauri alitaka wanaume ishirini kutoka kwetu kwa kazi ya kubeba udongo na mawe. Nililibeba mimi. Watu walishasikia habari za tuta: homa, chakula kibovu, wanyapara wenye viboko, na wengine hawakurudi. Isa aliwaita watu wote, akawaambia amri ilivyo bila kuipaka asali, akasema yeye atakuwa wa kwanza katika hao ishirini, akauliza nani atakwenda naye. Wakakubali. Walijitaja majina, mmoja mmoja, mpaka wakatimia ishirini. Kwetu mtu hamkatalii mtu mbele ya uso wake kwenye baraza lake, ni kumvunjia heshima. Nilijua hivyo tangu nikiwa mtoto, na nilipomwona Isa anahesabu kwa vidole nilitazama pembeni.

Asubuhi ya safari nilikwenda kuwachukua. Nilimkuta Isa amekaa juu ya mzigo wake, kofia kichwani. Hakukuwa na mtu mwingine. Wanaume walikuwa wameingia porini na ng'ombe kabla jua halijatoka. Tulikaa pale mpaka kivuli kikawa chini ya miguu.

"Tusubiri kidogo," alikuwa akisema kila mara. Baadaye akaacha kusema.

Bwana shauri alikuja kesho yake na askari sita. Waliobaki kijijini walikuwa wazee, wanawake na wagonjwa, wakakusanywa wote. Bwana hakupiga kelele. Alikuwa kama mtu aliyetukanwa na rafiki yake. Alisema, "Mlichagua wenyewe. Kosa lenu ni lake." Akamuuliza Isa wanaume wako wapi. Isa akasema hakuwapata. Akamuuliza tena, ataje walikokwenda, nao watachapwa badala yake. Isa, ambaye alikuwa ameoa kwetu na alijua kila bonde tunalofichia ng'ombe, akasema, "Jumbe ni mimi, bwana. Sikuwapata." Akalazwa chini. Ilikuwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, kwa kipimo cha siku zile.

Sitawaandikia yote. Sechelela alikuwa na tumbo lake la miezi saba, wanawake wawili wamemshika. Walipofika kiboko cha kumi, Mzee Madeje alitoka kwenye kundi la wazee. Alitembea polepole mpaka mbele ya kiti, akanitazama mimi, akasema kwa Kigogo, "Mwambie aache. Mwenye nchi hii ni mimi. Huyo tulimweka tu asimame mbele yangu. Mwambie."

Niliyasema. Yote, kama alivyoyasema, kwa Kiswahili safi. Nataka mjue kwamba hilo nililifanya.

Bwana shauri akamtazama Madeje, miguu yake yenye vumbi, nguo yake, fimbo yake ya mbuzi. Hakuamini. Alidhani ni kizee kinachotaka kumwokoa mtu. Akatoa karatasi mfukoni, ile ile ya herufi kubwa, akaigonga kwa kidole. Kisha akanigeukia.

"Wewe ulikuwepo siku ile. Watu walimchagua nani?"

Ndahani alikuwa ananitazama. Mdogo wangu alikuwa ananitazama. Ningeweza kusema: bwana, walimchagua kwa hila, mzee anasema kweli. Hapo angesimamishwa Madeje, na mimi ningeulizwa nilijua lini.

"Isa, bwana," nikasema.

"Kwa watu wangapi?"

"Wote."

Hapakuwa na uongo hata chembe katika maneno hayo. Bwana akakunja karatasi, akamwambia Madeje arudi kwa mbuzi wake, na hesabu ikaendelea kutoka kumi na moja. Ilipokwisha, askari mmoja aliokota kofia kwenye vumbi, akaipangusa, akamvika tena.

Isa alipelekwa kwenye tuta akawe wa kwanza wa wale ishirini, na wa mwisho. Nilitakiwa kumsindikiza pamoja na askari, nibebe karatasi. Kabla hatujaondoka Sechelela alinijia. Aliniuliza kitu kimoja tu, "Ulijua?" Niliinama kuokota ufito wangu, na yeye hakungoja.

Njiani askari walitangulia kidogo, maana Isa hakuweza kwenda haraka. Nilimpa maji yangu. Nikamuuliza kwa nini hakutaja bonde la ng'ombe, kwa nini hakumtaja Madeje, watu ambao walimfanya ngao.

"Shemeji," akasema, "unadhani sikujua? Mtu hana hata ndama, amekuja juzi na tumbaku yake, kijiji kizima kinapanga mstari nyuma yake, mpaka mshindani wake. Nilijua siku ile ile. Ndiyo maana nililia. Nikasema moyoni, ngoja niivae vizuri. Nikiivaa vizuri, labda siku moja watanichagua kweli."

Tukatembea. Baadaye akaniuliza, bila hasira, "Wewe siku ile ulisimama mstari gani?"

Nikamwambia mimi sikusimama popote. Nilikuwa natangaza.

"Basi hata wewe hukunichagua," akasema.

Tulifika kwenye tuta. Nilimkabidhi na karatasi yake. Alikufa kwa homa kabla mtama haujavunwa, na habari zake nilizipata bomani kama nilivyopata habari nyingine zote, kwa kuambiwa nizipeleke. Pamoja nazo bwana shauri alinipa kofia. Alisema, "Wachague tena."

Nilifika kwetu nimeishika kofia mkononi, ufito mkono mwingine. Wakati huu sikukohoa wala sikuzungumzia mvua. Watu walikusanyika, nikasema Isa amekufa, nikasema inatakiwa achaguliwe mwingine. Mwanaume niliyemtazama alirudi nyuma hatua moja, na wa pili vile vile. Palikuwa na nafasi kubwa ya vumbi kati yangu na wao, na Ndahani alikuwa nyuma kabisa.

Sechelela alikuja na mtoto mgongoni. Alipita kwenye nafasi ile peke yake, akaichukua kofia mkononi mwangu, akaipangusa kwa ncha ya kanga yake, akanivika. Aliiweka sawa kwa mikono miwili, polepole, kama mama anayemtengeneza mtoto wa kwenda kanisani. Kisha akanizunguka akasimama nyuma yangu. Wanawake wakamfuata, nao wanaume, mmoja mmoja, mpaka mbele yangu hapakubaki mtu.

Ndiyo asili ya neno hilo, wewe mrefu wa Nzuguni. Nilikuwa jumbe wa kijiji kile mpaka Wajerumani walipoondoka, nikachapwa mara mbili, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kunichagua. Sechelela alikuja kwenye baraza langu kama mtu mwingine yeyote mwenye shida zake. Alipiga magoti, akasema, "Shikamoo jumbe." Hakuniita tena kaka mpaka alipokufa.